Mji wa Kumi na Tano

Bofu, Likoni
14 Januari 2024

Mdogo wangu Hussam,

Amani ya Mola ikufikie huko Busia, na hii barua ikukute mzima wa mwili na roho. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama goti lamsumbua tangu mwaka uingie, lakini akisikia ngoma za arusi mtaa wa pili hulisahau. Mume wangu Mahfudh akusalimu. Dukani kwake kumepoa. Asema Januari watu hununua sare za shule, hawanunui misumari. Joto ni lile lile.

Nimeshika kalamu kwa sababu njia nyingine zote umenifungia. Kundi la familia umejitoa, simu yangu huipokei, ya Mahfudh ndiyo kabisa. Basi nimeipa ofisi ya mabasi barua hii pamoja na kopo la achari ya maembe, nikijua achari hutaikataa.

Hussam, nini kilitokea sebuleni kwangu Jumapili ile ya mwisho wa Desemba? Mimi nilikuwa jikoni nakaanga bajia. Niliwaacha watu wanne mmeizunguka Falme, hiyo bodi yako ya mchezo uliyotoka nayo Dubai: wewe, Shaza, Mahfudh, na Bonface wa Changamwe. Mwafanya yale yale ya siku zote, wawili wawili kutoka kwenda barazani kunong'onezana, kisha kurudi mezani na nyuso za watu wema na kusogeza vile viaskari. Narudi na sahani, Shaza yuavaa buibui lake huku machozi yamtoka, Bonface yuatazama sakafu, na wewe umeshashika mlango. Wiki haikuisha, naambiwa umeomba uhamisho na umepewa.

Shaza ni mchumba wako. Posa imekubaliwa, arusi tumeiweka mfungo mosi, mara baada ya Ramadhani, na mamake kule Mtopanga ameshaanza kuzungumza na wapishi. Nimemuuliza Mahfudh ulimwambia nini yule msichana, aniambia, "Mambo ya mchezo, mke wangu." Mambo ya mchezo hayamhamishi mtu mpaka mpakani na Uganda.

Nijibu.

Dadako,
Zubeida

*

Busia
2 Februari 2024

Dada yangu Zubeida,

Shikamoo. Nimeipokea barua na achari, na achari imeshakwisha. Mimi mzima. Kazi ni ile ile ya kupitisha mizigo, ila huku malori hupanga foleni mpaka ukasahau mwisho wake uko wapi. Asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta. Mama mwambie nala vizuri, na mwambie asiache kulifanyia goti mazoezi aliyoambiwa na daktari.

Simu siitaki kwa sasa. Kwenye simu nitasema nisilotaka kusema.

Wauliza nini kilitokea. Nitakueleza, kwa maana najua hao wengine wameshakueleza kwa namna yao. Kwenye Falme, wa kwanza kushika miji kumi na mitano ndiye mshindi. Siku ile mimi nilikuwa na kumi na mitatu, na sikuipata kwa bahati, Dada. Niliipata kwa akili yangu, alasiri nzima. Shaza yuko magharibi yangu. Tulisimama kwenye baraza yako, karibu na mtungi wa maua, akaniambia kwa mdomo wake, "Mimi siingii kwako, na wewe usiingie kwangu." Nikamwamini. Nikawaondoa askari wote wa magharibi nikawapeleka kwa Bonface kummaliza.

Akaingia. Bonface akaja kutoka kaskazini, Mahfudh kwa baharini, na zamu moja tu nikapoteza miji mitano. Walikuwa wamepatana wote watatu! Na wajua walipatana lini? Nilipokwenda kuswali. Mimi niko kwenye msala, wao wagawana miji yangu.

Sasa niambie, kosa langu ni nini? Ni kutangulia. Kila Jumapili ni hivyo hivyo. Mtu akijitahidi akafika mbele, waliolala nyuma huamka wakamshika miguu. Bonface na Mahfudh nimewazoea. Lakini Shaza alikuwa amenipa neno.

Nilisema jambo moja, nikaondoka. Jambo lenyewe halina haja ya kurudiwa.

Ndugu yako,
Hussam

*

Bofu, Likoni
25 Februari 2024

Hussam,

Salamu nyingi, na za Mama nyingi zaidi. Yuaendelea vizuri, mazoezi afanya akikumbuka, na hakumbuki. Mahfudh ameuza mabati ya nyumba nzima kwa mtu mmoja, basi nyumbani twacheka kidogo. Shuleni kwangu watoto wa chekechea wote wana mafua, na mimi nimeyaleta kwa Mama.

Nilikwenda Kongowea kununua vitunguu vya kuwekea akiba ya Ramadhani, nikakutana na Bonface yuasaidia mkewe Lynnette kubeba gunia la viazi. Nikamshika pale pale.

Nikamwambia, "Bonface, mlimfanya nini ndugu yangu?"

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Dada, tulimzuia. Alikuwa na kumi na tatu. Tungengoja afike kumi na tano ndio tumzuie?"

"Na Shaza alikuwa amempa neno."

"Neno la Falme, Dada. Na nani alitufundisha hivyo? Ni yeye! Siku ya kwanza nacheza, Hussam aliniambia, 'Ukiona mtu anaongoza, wewe na mwingine shikaneni, hata kama juzi mlikuwa maadui. Bila hivyo si mchezo, ni kumsindikiza mtu.' Mwaka juzi mimi nikiongoza, alinipa neno hapo kwako barazani, akala miji yangu minne. Nilikasirika mpaka Changamwe. Jumapili iliyofuata si nilikuja?"

"Ulikuja kweli, Bonface," nikamwambia, "na ulikula sambusa tisa." Kisha nikamuuliza wewe, Hussam, ulimwambia Shaza nini. Akalishika lile gunia vizuri na kusema, "Hiyo usiniulize mimi. Muulize mwenyewe."

Basi nakuuliza mwenyewe kwa mara ya pili. Na usinijibu tena kwa hesabu ya miji. Mamake Shaza amekuja hapa, ameketi na Mama, wamezungumza habari za mchele na za nani amejifungua, mpaka alipoinuka ndipo akasema, "Hussam yuarudi lini?" Mama akanitazama mimi. Nikasema, "Kazi zimembana." Sipendi kusema uongo karibu na mfungo.

Zubeida

*

Bofu, Likoni
19 Machi 2024

Hussam,

Ramadhani kareem. Barua ya pili hukuijibu, na hii naiandika nikingoja magharibi, kwa hiyo itakuwa fupi.

Shaza alikuja kufuturu nasi Jumapili. Alikuja na kaimati za mamake na akamsuka Mama nywele. Bonface na Lynnette nao walikuja. Baada ya kula, Bonface akaiteremsha bodi. Lynnette akaketi mahali pako.

Shaza alifika kumi na tatu, Hussam. Na wote watatu wakamwangukia, Mahfudh wa kwanza, ambaye alikuwa amemwapia. Alipiga kelele wakamsikia mpaka msikitini! Akamwita Mahfudh mwizi, akamwita Lynnette nyoka wa kijani, akawarushia askari wake mezani. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, akaomba chai.

Sikukuandikia ili kukuumiza. Nimekuandikia ujue ameketi hapa, na akiondoka aliuliza kama Busia kuna baridi.

Baadaye jikoni aliniambia jambo jingine. Hilo sitaliandika mpaka uliandike wewe kwanza.

Arusi ya mfungo mosi, ipo au haipo? Mpishi yuataka kujua, ikiwa sisi wengine hatustahili kujua.

Zubeida

*

Busia
7 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na Idi njema itakapoandama. Nisamehe kwa kimya. Mfumo wa forodha ulikwama siku nyingi na madereva walitaka kutula wazima. Nafuturu na Mzee mmoja Msomali mwenye mkahawa hapa. Pilau yake si kitu mbele ya yako lakini ni mtu mkarimu. Mama nimemnunulia shuka la baridi, nitalituma.

Shaza alifika kumi na tatu kwa njia gani? Alianza kusini? Na Mahfudh alimvunjia neno zamu ya ngapi? Niandikie.

Mimi huku nimechora Falme kwenye katoni ya televisheni, askari ni vifuniko vya soda. Nacheza na watatu wa ofisini: Kyalo, Lenox na dada mmoja aitwaye Cheryl. Wamejifunza haraka. Juma lililopita Kyalo alikuwa yuaelekea kushinda, mtu mwenye majivuno kweli. Nikamchukua Lenox pembeni, nikamchukua Cheryl pembeni, nikampa kila mmoja alichotaka. Cheryl nilimwahidi bandari ya mashariki. Tukamshukia Kyalo wote kwa pamoja, ungefurahi kuona. Bandari niliichukua mimi mwishowe kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kushinda. Cheryl alinuna siku mbili, kisha akazoea.

Ama kuhusu arusi. Dada, wewe wajua kuzungumza na watu. Nenda Mtopanga ukamwambie Shaza kwamba mimi nimemsamehe. Sina kinyongo. Lakini akubali tu kwamba alinipa neno na akalivunja. Akilisema hilo, arusi iwe mwezi wowote autakao.

Hussam

*

Bofu, Likoni
28 Aprili 2024

Hussam,

Idi ilipita salama. Shuka limefika na Mama ajifunika nalo Likoni, kwenye joto hili, kwa sababu limetoka kwako. Salamu zimekwisha hapo.

Umemsamehe! Niliisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, nikadhani pengine macho yangu yana kasoro. Wewe umemsamehe Shaza?

Isome barua yako mwenyewe. Kyalo alitangulia, ukawakusanya wenziwe wakamwangusha, na hilo lilikufurahisha. Cheryl ulimpa neno ukalivunja, na hilo wasema hapakuwa na njia nyingine. Umeyaandika yote kwenye ukurasa mmoja na hapo chini wamtaka mtoto wa watu akuombe radhi kwa lile lile! Na Cheryl, alipokununia siku mbili, ulimwambia uliyomwambia Shaza?

Maana sasa najua. Aliniambia jikoni Ramadhani, na nilingoja ulitaje mwenyewe kama mwanamume. Ulimwambia mbele ya shemeji yako na mbele ya Bonface: "Mwanamke anayewafungulia watu mpaka mezani, nyumbani atawafungulia mlango." Ulisema hivyo kwa binti wa watu, ndani ya nyumba yangu, na mimi niko jikoni nawakaangia bajia. Mahfudh alilisikia na akanificha. Naye nimeshamalizana naye.

Nilikwenda Mtopanga. Sikwenda kupeleka msamaha wako, nilikwenda kuomba msamaha wa nyumba yetu. Shaza alinisikiliza vizuri, akanimiminia kahawa. Akasema, "Dada Zubeida, mimi sikumkasirikia kwa kukasirika. Hata mimi hukasirika. Lakini lile neno hakulisema kwa ajili ya miji. Lilikuwa ndani yake, likapata pa kutokea." Nikamuuliza nikwambie nini. Akasema, "Mwambie aje. Alilisema mbele ya watu, aje alizungumze mbele ya watu."

Arusi nimemwambia mpishi asingoje.

Usinitume tena. Mimi si barua.

Zubeida

*

Busia
23 Juni 2024

Dada yangu Zubeida,

Shikamoo. Idi ya kuchinja nimeila kwa yule Mzee wa mkahawa. Nasikia kwa watu wa ofisi ya Mombasa kwamba mvua za mwaka huu zimeingia mpaka sebuleni kwako, poleni. Mama asilale chumba cha nyuma.

Barua yako niliichana. Kisha nikanunua gundi.

Sikukujibu Mei kwa sababu kila nilipoanza kuandika nilijikuta natetea. Nimeandika kurasa nyingi za kujitetea, Dada, na zote ni nzuri, ningezisoma mahakamani ningeshinda. Lakini lile neno ni kweli nililisema. Nikilikumbuka usoni kwake nasikia joto masikioni. Bado nasema ahadi ni ahadi. Lakini lile neno halikuwa la ahadi, yeye yuko sawa.

Likizo yangu ni Agosti. Nitakuja. Mwombe aje Jumapili hiyo, na Bonface naye, na tucheze kama zamani. Usinicheke. Nataka wanishukie wote watatu, wanipige mpaka nisibaki na mji, na mimi nikae pale ninywe chai yangu. Kisha niseme la kusema mbele yao wote. Nimejiandaa kupigwa. Nikilisema tu bila hivyo, atadhani nimelikariri.

Mwambie hivyo, au usimwambie. Mwambie tu nakuja.

Hussam

*

Busia
1 Septemba 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na ahsante kwa siku zile mbili. Nimefika salama, chakula ulichonifungia kimenifikisha Nakuru. Sikulala kwenye basi. Uliniuliza mlangoni kuna nini nikasema nimechoka, na wewe ulikubali haraka kuliko kawaida yako. Sasa nakueleza, kwa sababu wewe uliingia na kutoka na sinia zako na pengine hukuona.

Tulianza vizuri. Shaza alinisalimu kama mtu anavyosalimu. Nikafika miji kumi, nikawa nangoja. Nikafika kumi na miwili. Nilimwona Bonface yuanyanyuka, yuamfanyia Shaza ishara ya macho, twende barazani. Shaza akabaki amekaa. Akamwambia mbele yangu, taratibu, "Mimi na Hussam tuna ahadi ya mpaka." Bonface akamtazama Mahfudh. Wawili peke yao hawana nguvu ya kunifikia, lazima magharibi ifunguliwe. Nikaondoa askari wangu wote magharibi, Dada. Niliwaondoa makusudi, nikaacha njia nyeupe, apite hata ng'ombe. Hakuingia.

Nikafika kumi na minne. Ningeweza kusimama. Lakini mtu akisimama kwenye kumi na minne kwa makusudi, kila mtu ajua, na hilo ni tusi jingine. Nikamweka askari kwenye mji wa kumi na tano. Mahfudh akasema, "Haya, hongera." Bonface akasema amekumbuka kuwahi feri. Kabla hajainuka, lile nililolibeba kutoka Busia nililisema. Nilisema mbele yao wote watatu: nilimtukana Shaza katika nyumba hii, neno lile lilikuwa la uongo na la aibu, na naomba radhi. Wewe hilo ulilisikia, ulikuwa mlangoni. Shaza akasema, "Nimekusamehe, Hussam," na akalisema kwa moyo, nilimwona.

Nikamfuata barazani. Nikamwambia, "Ungeweza kunizuia."

"Ningeweza."

"Mbona hukuingia? Njia ilikuwa wazi."

"Niliiona." Alikuwa yuafunga mtandio wake. "Ulitaka mtu akupe neno na asiondoke hapo hata ukimmaliza. Nimejaribu kuwa mtu huyo leo, mchezo mmoja tu. Sikuongea, sikucheka, sikukukasirikia hata mara moja. Nimechoka, Hussam. Maisha mazima sitaweza."

Nikamwambia simtaki mtu huyo, namtaka yule aliyeingia Desemba. Akasema, "Yule ulimfukuza."

Dada, wewe ulijua kabla sijafika? Mlikuwa mmezungumza? Nijibu kweli.

Hussam

*

Bofu, Likoni
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Hussam,

Mungu akupe utulivu. Mama mzima, tangu Ijumaa ameacha kuuliza habari za arusi, kwa hiyo najua ameshakubali. Mahfudh yuko dukani kwake, bado yuatembea taratibu mbele yangu.

Waniuliza kama nilijua. Nilijua. Juma moja kabla hujaja Shaza alinipigia simu akaniambia moyo wake umeshatoka, lakini atakuja kwa heshima, na akaniomba nisikwambie ili ufike. Nilinyamaza. Nilikuwa natumaini utakapofika ataona alichokuwa akikiona zamani, na wewe utasema, na mambo yatarudi. Ndio maana mlangoni sikukuuliza mara ya pili. Nikasirikie, una haki.

Alhamisi mamake na mjombake walikuja. Wameleta vitu vya posa vyote, vimekunjwa vizuri, hata chupa ya mafuta ya udi haijafunguliwa. Mama aliwapokea, wakazungumza habari za mchele. Hakuna aliyepandisha sauti. Pete imo kwenye kitambaa cheupe, nimeiweka kabatini mwangu. Utakapojua la kuifanya utaniambia, sina haraka.

Kwenye kundi la familia Mahfudh amekurudisha. Ukitaka kaa, usipotaka toka, lakini simu yangu pokea. Nimechoka na ofisi ya mabasi.

Bonface na Lynnette bado waja Jumapili. Shaza haji tena, hilo waelewa, na mchezo wataka watu wanne, basi Jumapili iliyopita wakaniketisha mimi. Nilikuwa sijui hata askari huwekwa wapi. Lakini nimewasikiliza mkinong'ona nyumbani kwangu miaka mitatu, na kumbe nimeshika mengi. Nilifika kumi na mitatu, Hussam. Mimi! Bonface alikuwa amenipa neno, Lynnette alinishika mkono kabisa, na Mahfudh ni mume wangu wa ndoa. Wote watatu wakaniangukia zamu moja.

Nilikasirika, ndugu yangu. Sikujua kwamba mtu hukasirika namna ile. Masikio yalinipiga kelele, na nilikuwa na neno la kumwambia Mahfudh, neno baya, limeshafika kwenye meno. Nikakukumbuka wewe umeshika mlango.

Nikalimeza. Nikawaambia wangojee, zamu yangu ijayo watanitambua. Kisha nikaenda jikoni nikalia kidogo, kwa ajili yako, nikanawa uso, nikarudi kukaa.

Dadako,
Zubeida